Kujiandaa kwa maisha ya kila siku katika nchi za baridi kali

Mazungumzo na familia zinazongojea safari, na viongozi wao



  Viongozi wenu walituomba tuzungumze juu ya namna ya kuishi siku kwa siku katika nchi yenye baridi kali. Sisi tunaosema nanyi ni Wakongo kama ninyi. Baadhi yetu tumepitisha misimu ya baridi huko Kanada na katika nchi za kaskazini ya Ulaya. Wengine tumebaki huku, kazi yetu ni kuwaandaa wanaosafiri na kupokea habari zao wakishafika.

Huenda mtu akauliza: watu wanaofundisha amani wana kazi gani na makoti na soksi? Jibu ni hili. Tumeona familia zilizokimbia vita, zikavuka ziwa, zikavumilia kambi miaka mingi, halafu zikaanza kugombana katika msimu wa kwanza wa baridi. Baba anamlaumu mama kwa hesabu ya umeme. Mama anamlaumu baba kwamba amekaa tu ndani. Jirani wa kabila lingine yuko ng'ambo ya mlango, lakini hakuna anayebisha hodi. Baridi inawafungia watu ndani, na yale waliyoyabeba moyoni tangu vitani yanapata nafasi. Ndiyo maana tunasema: kujiandaa kwa baridi ni sehemu ya kujenga amani. Atakayejiandaa peke yake atapata shida. Wakijiandaa pamoja, msimu utapita.

Baridi tunayoijua na baridi tusiyoijua

Mtu wa Minembwe, wa Lubero au wa Masisi atasema, "Baridi ninaijua." Ni kweli, anajua baridi ya milimani, ya kuota moto asubuhi na kuvaa sweta mbili. Lakini kwa kawaida baridi hiyo haigandishi maji ndani ya mtungi. Hata theluji si kitu kigeni kabisa kwetu. Mlima Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, una barafu juu yake, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, ingawa barafu hiyo inazidi kupungua mwaka hata mwaka. Tofauti ni kwamba hapa theluji iko juu ya mlima, na kule iko mlangoni pako, kwenye kituo cha basi na katika njia ya mtoto kwenda shule.

Tuchukue mji mmoja, Winnipeg, katika Kanada, ambako kuna Wakongo. Usiku wa mwezi wa Januari, kwa wastani, baridi hufika digrii 20 chini ya sifuri, na siku nyingine hushuka zaidi. Upepo unaongeza ukali wake. Upepo ukifanya baridi isikike kama digrii 28 chini ya sifuri au zaidi ya hapo, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 10 hadi 30. Kwa hiyo watu wa huko husikiliza habari za hali ya hewa kila asubuhi kabla ya kuvaa. Hiyo si woga. Ni kama mvuvi wa Tanganyika anayetazama upepo kabla ya kusukuma mtumbwi.

Jua na saa

Jambo la kwanza linalowashangaza wengi wetu ni giza. Kwetu jua huchomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima, na hesabu yetu ya saa inafuata jua. Saa kumi na mbili asubuhi kumepambazuka, saa kumi na mbili jioni jua linazama. Huko sivyo. Katika Winnipeg, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi na kutua yapata saa kumi na nusu alasiri. Mchana ni saa nane tu. Kule Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari.

Mtu anayengoja mwanga ili aamke atakosa kazi, na mtoto wake atachelewa shule. Kwa hiyo tunawashauri tangu sasa, kabla ya safari, mzoee kuamka kwa saa ya simu na si kwa jogoo wala kwa jua. Zoeeni pia hesabu ya saa ya wenyeji. Kwao tunachoita saa mbili asubuhi ni saa nane. Wako waliokosa miadi ya daktari kwa sababu hiyo tu, na miadi mingine wakaingoja miezi. Tena mahali pengi huko saa hurudishwa nyuma saa moja majira ya vuli, na kusogezwa mbele majira ya kuchipua. Mkisikia jirani anasema, "Leo saa zimebadilika," msidhani ni mzaha.

Mavazi

Wengi wanafikiri dawa ya baridi ni koti moja nene. Tuelewe kwanza jinsi joto linavyofanya kazi. Nguo haina joto lake yenyewe. Joto linatoka mwilini, na nguo hulizuia lisitoroke, kwa kushika hewa kati ya kitambaa na kitambaa. Ndiyo maana nguo tatu zilizopangwa vizuri hushinda koti moja zito.

Nguo ya kwanza ni ile inayogusa mwili, ndefu mikononi na miguuni. Iwe ya sufu au ya kitambaa kinachokauka upesi. Pamba hunywa jasho na kukaa na maji, na kitu chenye maji huchukua joto la mwili haraka. Nguo ya pili ni ya kutunza joto: sweta ya sufu au nguo ya manyoya. Ya tatu ni koti lisilopitisha upepo wala maji. Ukiingia ndani ya basi au dukani, fungua koti, maana ukitoka jasho humo utapata baridi utakapotoka nje.

Kichwa, masikio, shingo, mikono na miguu ndivyo vya kuangaliwa zaidi. Kofia ifunike masikio. Glavu zisizotenganisha vidole hutunza joto kuliko zile zenye vidole, kwa kuwa vidole vinapashana joto. Buti zisikubane. Akina mama wengine hununua buti inayobana kwa sababu ni nzuri, kisha huvaa soksi tatu ndani, na damu haipiti vizuri. Mguu wa namna hiyo hupata baridi kabla ya mguu mwingine. Chukua buti kubwa kidogo, yenye nafasi ya soksi moja nene.

Kitenge hakikatazwi. Mama anaweza kuvaa kitenge chake juu ya suruali ya joto, akaenda kanisani au harusini kwa heshima yake yote. Vijana wengine huona haya kuvaa kofia na koti kubwa. Wazazi, msikubali mtoto atoke hivyo. Huko mwenye akili hupimwa kwa kurudi nyumbani na vidole vyake vyote.

Msinunue makoti huku kwa pesa nyingi. Makoti ya huku si ya baridi ile. Huko kuna maduka ya mitumba, makanisa na vyama vya kupokea wageni vinavyotoa nguo. Lakini mnaposafiri miezi ya baridi, vaeni viatu vya kufunika mguu, soksi, suruali na sweta, kwa sababu mtatoka uwanja wa ndege na kukuta baridi siku hiyohiyo. Msiwaweke watoto katika kandambili.

Watoto wachanga tuwataje kwa pekee. Katika gari, mtoto hukaa kwenye kiti chake na kufungwa mikanda. Asifungwe akiwa na koti nene, maana gari likigonga, koti hubonyea na mikanda hulegea. Mfunge kwanza akiwa na nguo nyepesi, halafu mfunike blanketi juu ya mikanda. Na mama anayezoea kubeba mtoto mgongoni atazame mara kwa mara mikono na miguu ya mtoto. Mtoto aliye mgongoni hatembei, kwa hiyo mama anapata joto na mtoto anapoa.

Dalili za hatari

Ngozi ikianza kuganda, kwanza inachoma, kisha inakufa ganzi. Maumivu yakiisha ukiwa bado nje, usifurahi, hiyo ndiyo hatari. Kwenye ngozi nyeupe vitabu husema inabadilika rangi. Kwenye ngozi yetu nyeusi si rahisi kuona. Tafuteni ngozi iliyopauka kama majivu, iliyo ngumu au inayong'aa kama nta. Ingieni ndani. Msisugue, msipake theluji, wala msiweke karibu na moto, kwa sababu sehemu iliyokufa ganzi haisikii inapoungua. Tumieni maji ya vuguvugu, yasiyo moto. Ikiwa ganzi haitoki au yanatokea malengelenge, nendeni kwa daktari.

Mtu aliyepoa mwili mzima hutetemeka sana, kisha husema maneno yasiyoeleweka, huyumba kama mlevi na kutaka kulala. Msimwache alale peke yake. Mwingizeni ndani, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, ombeni msaada. Pombe haileti joto. Inamfanya mtu ajione ana joto, kumbe mwili unazidi kupoteza joto lake. Walevi waliolala nje kwetu huamka asubuhi na aibu. Huko hawaamki.

Namba ya kuomba msaada katika Kanada na Marekani ni 911. Katika nchi nyingi za Ulaya ni 112. Kila mtu nyumbani, hata mtoto wa miaka sita, ajue namba hiyo na aweze kusema anwani ya nyumba. Iandikeni ukutani.

Moto na hewa ya sumu

Neno hili tunaomba mlishike kuliko mengine yote. Msiwashe makaa ndani ya nyumba. Kwetu mbabula tunaiweka nje au katika jiko lenye upenyo, na nyumba zetu zinapitisha hewa chini ya mlango na juu ya ukuta. Nyumba za huko zimezibwa kila mahali ili joto lisitoke. Makaa yakiwaka humo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Watu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, hulala, na hawaamki. Familia nzima inaweza kufa usiku mmoja, na majirani wasisikie kitu.

Hatari hiyohiyo iko kwa mtu anayewasha jiko la gesi ili apashe nyumba joto, au anayeunguruma gari ndani ya banda lililofungwa. Vilevile, gari likikaa nje na theluji ikaziba bomba la moshi, lisiwashwe kabla ya kuondoa theluji hiyo. Kila nyumba iwe na kifaa kinacholia hewa hiyo inapokuwepo, na kingine kinacholia moshi unapotokea. Ombeni mwenye nyumba avionyeshe. Kikilia, tokeni wote nje, ndipo mpige simu. Msitoe betri kwa sababu kinalia wakati wa kukaanga samaki.

Ikiwa vyombo vya joto vya nyumba vimeharibika usiku, msikae kimya kwa kuogopa kusumbua. Mwenye nyumba ana wajibu wa kuleta joto. Mpigieni simu, mpigieni aliyewapokea, au nendeni mkalale kwa jirani. Hapo ndipo mtakapojua kama mlitengeneza ujirani au hamkutengeneza.

Nyumba na hesabu ya mwezi

Ukutani kuna kifaa kidogo cha kupandisha na kushusha joto. Kifaa hicho kinaleta ugomvi katika nyumba nyingi. Mmoja anapandisha, mwingine anashusha, na mwisho wa mwezi hesabu inakuja. Kaeni chini pamoja, baba, mama na watoto wakubwa, mkubaliane digrii, na mtu mmoja apewe jukumu la kugusa. Usiku mnaweza kushusha kidogo na kuongeza blanketi. Lakini msizime kabisa, hata mnaposafiri. Maji yakiganda ndani ya bomba hutanuka na kupasua bomba, na yakiyeyuka nyumba inajaa maji. Gharama yake ni kubwa kuliko yote mliyodhani mmeokoa.

Dirisha lisiachwe wazi mchana kutwa, lakini lifunguliwe dakika chache kila siku, hasa baada ya kupika na kuoga, ili ukuta usiote ukungu. Hewa ya ndani wakati wa baridi ni kavu. Ngozi inapasuka, pua za watoto zinatoa damu. Pakeni mafuta ya mgando baada ya kuoga na kunyweni maji, hata kama hamsikii kiu.

Viatu huvuliwa mlangoni. Njia mbele ya nyumba husafishwa theluji kwa sepetu, na barafu humwagiwa chumvi au mchanga. Ulizeni mapema kazi hiyo ni ya nani, yako au ya mwenye nyumba. Mkitembea juu ya barafu, tembeeni kama bata: hatua fupi, mguu wote chini, mikono nje ya mifuko.

Ninyi watu wa Uvira, Fizi na Kalemie, mliokulia ziwani, sikieni. Huko ziwa na mto huganda juu, na watu huonekana wakitembea juu yake. Barafu hiyo hailingani unene. Karibu na mkondo wa maji ni nyembamba, na mwishoni mwa msimu inadhoofika. Mtoto asikanyage ziwa lililoganda kwa kufuata wenzake. Aende tu mahali ambapo wenye mamlaka ya mji wamepima na kuruhusu.

Watoto na shule

Shule za huko huwatoa watoto nje kucheza hata siku ya theluji. Mwalimu hawatesi. Wanaamini kwamba mtoto aliyevaa vizuri anahitaji hewa na mwendo, na baridi ikizidi kipimo chao huwaweka ndani. Lakini mtoto akija bila glavu au buti, mwalimu ataita mzazi. Mzazi asichukue maneno hayo kama dharau. Ajibu kwa upole, na kama hana uwezo aseme wazi. Mara nyingi shule yenyewe itatafuta msaada.

Andikeni jina la mtoto ndani ya koti lake. Tena pangeni nani atakuwa nyumbani anaporudi. Mtoto aliyefungiwa nje huku atacheza uwanjani mpaka mama arudi. Huko hawezi kungoja. Mpeni jirani mnayemwamini ufunguo wa pili, na mtoto ajue mlango wa kukimbilia.

Giza la moyoni

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulisema. Katika miezi ya giza wengi huwa wazito. Wanalala sana au hawalali. Hawataki kula, au wanakula bila mpango. Wanakasirika kwa neno dogo. Na kwa sisi tuliopitia vita, ukimya wa theluji huamsha mambo. Mtu anasikia risasi za zamani. Anawaona waliokufa.

Sehemu ya uzito huo inatokana na kukosa mwanga. Mwili huanza kutengeneza vitamini D kwa jua, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ili kuitengeneza. Wakati wa baridi kaskazini jua hilo halitoshi. Mwambieni daktari awapime na kuwashauri. Huko Kanada wazazi wanaelekezwa kumpa mtoto anayenyonya matone ya vitamini D, yuniti 400 kila siku. Mama asikatae akidhani maziwa yake yanadharauliwa.

Dawa nyingine haiuzwi. Fungueni mapazia asubuhi. Tokeni nje saa za mchana, hata kwa dakika 20. Pikeni pamoja, sombe na ugali, na mwite mtu wa kula nanyi. Kama uzito unazidi wiki mbili, au mtu anasema afadhali afe, mwoneni daktari bila kungoja. Hiyo ni ugonjwa kama malaria, na inatibiwa.

Wala msitafute mchawi. Tunasema hivi kwa sababu tunajua yaliyotokea kwetu. Mtoto akianza kukojoa kitandani, akinyamaza, akiamka na kupiga kelele usiku, watu wengine wanasema ana pepo, au bibi aliyebaki kijijini ndiye anayemroga. Watoto wameteswa kwa maneno ya namna hiyo. Mtoto huyo amebadilishiwa nchi, lugha, chakula na jua kwa mara moja. Anahitaji kukumbatiwa na kusikilizwa.

Baba, mama, na pesa

Katika msimu wa kwanza, mara nyingi mama au kijana hupata kazi kabla ya baba. Baba anabaki ndani, nje kuna theluji, hana baraza la kukaa na wenzake. Anaona heshima yake imeisha. Tunawaomba akina baba: kusafisha theluji, kupeleka watoto shule, kupika uji asubuhi, hizo ni kazi za kulinda nyumba. Aliyelinda jamaa yake vitani asione aibu kuilinda na baridi. Nanyi akina mama, msimtupie mzee wenu maneno mbele ya watoto. Kumpiga mwenzako huko ni kosa linaloleta polisi, na zaidi ya hapo ni dhambi ya nyumba, hapa na huko.

Katika Kanada, serikali inapomdhamini mkimbizi, msaada wake wa fedha hufika hadi mwaka mmoja. Mwaka huo hupita upesi, na ndani yake kuna miezi ya baridi yenye gharama kubwa. Hapa tunasema na ninyi mnaobaki. Ndugu yako akikuambia Januari kwamba hana pesa ya kutuma, usimwite mchoyo. Na wewe uliyeondoka, usifunge simu. Sema ukweli: "Mwezi huu joto la nyumba limekula pesa, ngojeni mwezi wa nne." Urafiki mwingi kati ya kambi na ng'ambo umekufa kwa kutosema sentensi hiyo. Tena msitume picha za theluji tupu mkicheka. Tumeni pia habari ya kuamka gizani kwenda kazini.

Kwa wale ambao safari yao imesimama

Tunajua kati yenu wako waliomaliza mahojiano ya Marekani, na mnamo Januari 2025 nchi hiyo ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Wengine walikuwa wamekwisha gawa vyombo vyao. Uchungu huo hatuwezi kuufuta kwa maneno. Tunawashauri tu: msiuze kitanda wala kuacha shamba kabla ya kuwa na tarehe ya kweli mkononi. Na msimpe mtu yeyote pesa kwa ajili ya jina kuingizwa kwenye orodha. Huduma za UNHCR hazilipiwi. Anayewaomba pesa ni mwizi, hata akiwa na fulana ya shirika.

Kazi ya viongozi

Viongozi wetu, tunawaachia mambo manne, mkayajadili katika kamati zenu.

Kwanza, kila familia inayofika mji mpya ipewe familia nyingine ya zamani ya kuisindikiza msimu wote wa kwanza wa baridi: kuionyesha kituo cha basi, kuipeleka kununua buti, kuipigia simu kila baridi inapozidi.

Pili, upangaji huo usifuate kabila. Tunasema wazi. Mbembe, Mfuliiru, Munyamulenge, Mushi, Mrega, wote wanajikuta katika jengo moja, kwenye ngazi moja. Wengine wamekataa kusalimiana kwa mambo yaliyotokea milimani kabla watoto wao hawajazaliwa. Gari likizama kwenye theluji asubuhi, anayelisukuma ni yule aliye karibu. Bomba likipasuka usiku, anayefungua mlango ni jirani. Usingoje usiku huo ndipo ujifunze jina lake. Peleka salamu mwezi wa tisa, kabla theluji haijaanguka.

Tatu, msimu ukiisha, kusanyeni makoti na buti za watoto waliokua, mzifue, mziweke kwa ajili ya wageni wa mwaka utakaofuata. Kamati ya kutunza nguo hizo iwe ya makabila yote, na ya akina mama kwa akina baba.

Nne, wazee na wajane wanaoishi peke yao waandikwe kwenye orodha, na siku za baridi kali mtu mmoja awapigie simu asubuhi na jioni. Kama hajibu, mtu aende mlangoni.

Hamna haja ya kungoja safari ili kuanza. Hata hapa wako wagonjwa na wajane wanaolala peke yao, na jirani wasiosalimiana. Atakayejifunza kubisha hodi hapa, atajua kubisha hodi huko. Na asiyesafiri kamwe atakuwa amepata jirani.

Sasa tunawapa nafasi ya maswali. Akina mama waanze, kwa sababu ndio watakaowavisha watoto.